Jembe Juu ya Jiwe

Arusha,
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Dada Matilda,

Shikamoo dada. Nakuamkia wewe kwanza, kisha shemeji, kisha kuku wako wote, maana najua ukiisoma barua hii watakuwa miguuni pako wakidonoadonoa. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Yule fundi amekushonea vile viatu vipana, au bado anakuzungusha na maneno yake matamu? Na minazi ya nyuma ya nyumba, vijana wa jirani bado wanaipanda kama waliipanda wao? Niandikie yote, hata yale unayoona si habari. Huku mtu wa Muheza nimebaki peke yangu, na habari za kwetu nazisoma mara nyingi mpaka karatasi inalainika.

Sisi hatujambo. Rehema amepoteza meno ya mbele na anazungumza kama bibi kizee, jambo linalomfurahisha mno. Mvua za masika zimekwisha na sasa ni ile baridi niliyokwambia, mlima haujitokezi siku nzima, na mjini watu wanatembea wamejifunika mablanketi. Kazi yangu ya ukunga pale kliniki inaendelea. Watoto wanazaliwa bila kuangalia baridi.

Najua utasema nimekaa kimya muda mrefu. Kweli nimekaa kimya, na si kwa kukosa stempu. Kulikuwa na jambo nililotakiwa kulitolea neno, na neno lenyewe sikuwa nalo. Nikaona nikikuandikia bila kulitaja nitakuwa nakudanganya, na nikilitaja utaniuliza ninaonaje, nami nilikuwa sioni kitu. Sasa limekwisha, kwa hiyo nakuandikia.

Shemeji yako Anaeli alipata barua kutoka Uingereza. Amekubaliwa kwenda kusoma digrii ya pili, juu ya ile aliyoipata Uganda. Somo lenyewe ni lile lile la jiografia, habari za milima na mito na udongo. Nilimtania nikamwambia anakwenda kusoma milima katika nchi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, mlima wao mrefu kuliko yote haufiki magotini pa Meru. Akacheka, lakini niliona anaikunja ile barua, anaikunjua, anaikunja tena. Serikali ingemlipia nauli na masomo, yeye peke yake. Mimi na Rehema tungebaki. Miaka miwili, walisema, na huenda zaidi.

Kila mtu alikuwa na la kusema isipokuwa mimi. Mkuu wa shule anakofundisha, Mzungu mmoja mrefu mwenye kukohoa, alimwambia hajapata kuona mwenyeji wa jimbo hili akipewa nafasi kama hiyo, na kwamba kuikataa ni kama kuwafungia mlango wengine. Walimu wenzake walikuja nyumbani wakanywa chai yangu yote wakieleza kwamba siku za kujitawala haziko mbali, na zikifika watatafutwa watu wa kushika ofisi kubwa, na mwenye digrii mbili hatapangishwa foleni. Hayo yote nilikubali ni kweli. Sikuona hata moja la kubisha.

Aliyesema kinyume ni Jivan tu, yule Mhindi wa duka la nguo ninakonunua kitambaa cha sare ya Rehema. Sijui nani alimpa habari. Alisimama nyuma ya meza yake na ile yadi yake ya mbao, akaniambia, "Mama Rehema, mwanangu mkubwa alienda kusoma digrii ya kwanza, akarudi. Akaenda kusoma ya pili, ikarudi picha." Akanionyesha ukutani. Kijana amevaa koti refu, amesimama kwenye theluji, amemshika mkono mwanamke nisiyemjua, wala Jivan hamjui. Kisha akanipimia kitambaa, akanizidishia kidogo, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu nimfahamu.

Na Anaeli mwenyewe? Yeye alinitua mzigo wote kichwani. Aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba nikisema nenda atakwenda, nikisema usiende hatakwenda, na jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Watu wakanisifu kwamba nina mume wa namna yake. Mimi nikaona amenifanya hakimu wa kesi ambayo mshitakiwa ni mimi pia.

Dada, unanijua, si mtu wa kulialia. Mama alipofariki nilikaa nikapembua mchele mpaka watu wakanitazama vibaya. Lakini hii ilikuwa zaidi. Nilikuwa najiuliza, "Hilda, akienda utajisikiaje?" Hakuna kitu. "Asipoenda?" Hakuna kitu. Nilikuwa nahudumia wanawake wenye uchungu, nawapa pole, narudi nyumbani, napika, nalala. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, nami sikushtuka, kwa sababu ganzi ile naifahamu. Niliipata wakati wa Uganda.

Sikupata kukueleza vizuri miaka ile. Ulikuwa ukiuliza, nami nilikuwa nikikujibu kwamba wakwe ni wema na ndizi ni nyingi. Yote mawili ni kweli. Alipoondoka kwenda Uganda, Rehema alikuwa tumboni, nami nikapelekwa mlimani kwa mama mkwe, ndani ya migomba, kwenye lugha nisiyoijua hata ya kuombea maji. Mwanzoni nilikuwa namkumbuka mpaka chakula hakipiti. Halafu siku moja nikagundua chakula kinapita. Nikashukuru. Nikaendelea hivyo hivyo, nikafundisha mwili wangu kukaa bila yeye, kama unavyomfundisha mtoto kuacha ziwa, na mwili ukawa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyotarajia.

Sasa nikueleze habari za mfereji, maana bila hizo hutaelewa yaliyotokea. Huku mlimani hawategemei mvua peke yake kwa migomba na kahawa. Wana mfereji uliochimbwa na mababu zao kutoka mtoni, juu huko msituni, unapindapinda kando ya mlima mpaka mashambani. Kila nyumba ina zamu yake ya maji, na kila nyumba ina kipande chake cha mfereji cha kuzibua masika yakiisha. Nyumba isiyotoa mtu wa kuzibua haipati zamu. Hakuna ugomvi wala polisi, maji yanakupita tu yakaenda kwa jirani. Na watu hawa wameshapoteza ardhi ya kutosha kwa Wazungu, hawana mchezo na kilichobaki.

Nyumba ambayo mwanamume wake hayupo inafanya hivi. Asubuhi ya siku ya mfereji, baragumu likilia, mke anachukua jembe la mumewe, lile lile la mumewe na si jingine, anakwenda nalo mpaka penye jiwe moja pana lililo kando ya mfereji. Mwanamke hapiti jiwe hilo. Analilaza jembe juu yake, mpini umeelekea yanakotoka maji, anarudi nyuma bila kusema neno. Mwanamume wa rika la mumewe analiokota, anachimba nalo kile kipande, na nyumba inahesabiwa kuwa imehudhuria. Mke wa aliye safarini hufanya hivyo, na mjane hufanya hivyo hivyo. Pale penye jiwe hakuna tofauti kati yao, wote wanasimama upande mmoja na vyungu vyao vya ndizi za kuwapakulia wachimbaji. Na jembe likishalazwa, mwenyewe haligusi tena mpaka msimu upite, hata kama angetokea kesho yake. Mzee Yeremia, anayeusimamia mfereji, anasema hesabu ya mfereji haibadilishwi njiani.

Miaka yote ya Uganda mimi ndiye niliyelilaza jembe la Anaeli. Rafiki yake Lazaro ndiye aliyelichimbia. Sikuwahi kukosa, hata msimu ule nilipokuwa nimejifungua karibuni.

Kisha akarudi. Hayo unayajua nusu. Hujui kwamba Rehema alimwamkia, "Shikamoo mgeni," akaenda kujificha nyuma ya ng'ombe. Hujui kwamba mimi mwenyewe, usiku ule, nilimtandikia kitanda cha wageni bila kufikiri, akanitazama, nikakitandua. Tulianza upya, dada, kama watu waliopangiwa kazi pamoja. Alijifunza kwamba sinywi chai yenye tangawizi. Nilijifunza kwamba anaimba akinyoa ndevu, nyimbo zao za Kilutheri zisizokwisha, ubeti juu ya ubeti. Tulihamia mjini, yeye shuleni na mimi kliniki. Msimu wa mwaka jana alikwenda mferejini mwenyewe, akarudi na malengelenge viganjani, watu wakamcheka na mimi nikamcheka. Ndiyo mara ya kwanza nilihisi ni mume wangu na si mpangaji.

Ila Rehema hakubadilika katika sala. Alikuwa amefundishwa na bibi yake kusali, "Umrudishe baba salama," na baba aliporudi aliendelea vile vile, baba akiwa amekaa mbele yake. Anaeli alikuwa akicheka akimrekebisha, "Nimesharudi, mama." Mtoto anasema ndiyo, na jioni nyingine anasali yale yale. Tuliona ni kichekesho. Sikufikiri kwamba nami nina sala ya namna hiyo mwilini mwangu.

Jumamosi ya wiki iliyopita ilikuwa siku ya kwanza ya mfereji. Tulipanda mlimani Ijumaa jioni kwa basi. Jibu la Uingereza lilikuwa bado linanisubiri, naye hakuniuliza njiani, aliangalia dirishani tu. Asubuhi nilikuwa jikoni kwa mama mkwe nachochea moto, nikiwaza habari za meno ya Rehema. Baragumu likalia. Nikajifunga kanga, nikajitwisha chungu, nikapitisha mkono nyuma ya mlango, nikachukua jembe, nikaenda.

Nakuapia, dada, sikuwa nawaza kitu. Nilifika penye jiwe nikalilaza jembe, mpini umeelekea yanakotoka maji, nikarudi nyuma mahali pangu pa siku zote. Pembeni yangu alisimama Bibi Naomi, mjane wa siku nyingi, mwanamke mkali asiyependa kuguswa. Akanishika mkono. Nikadhani anatafuta joto. Halafu nikamwona Lazaro ndani ya mfereji amevua kofia. Na mwingine akavua. Mzee Yeremia akasema maneno machache kwa Kimeru, kwa sauti ya chini nisiyoisikia vizuri, na wanaume wakatoka mferejini mmoja mmoja, wakaanza kuteremka njia ya kwetu, kofia mikononi.

Nikauliza wanakwenda wapi. Bibi Naomi akanijibu kwa Kiswahili, polepole, kama unavyosema na mgonjwa, "Usiseme kitu, mwanangu. Twende nyumbani tukalie."

Hapo ndipo nilipoliona lile jembe. Walijua Anaeli yuko, walimwona jana yake akishuka kwenye basi. Habari za Uingereza hatukuwa tumemwambia mtu mlimani, hata mama yake. Sasa mke wake amekuja amelaza jembe juu ya jiwe. Kwao jambo hilo lina maana moja tu. Nilitaka kuwaita, mdomo wangu ukazibwa na kanga. Bibi Naomi alikuwa amenikumbatia kwa nguvu, tukateremka hivyo hivyo, mimi nikibembelezwa kwa ajili ya mume aliye hai.

Na marehemu alikuwa uani, ametundika kioo kwenye mti wa kahawa, ananyoa ndevu. Shavu moja povu, shavu moja safi, anaimba ubeti wa tatu. Aliona wanaume wote wa mfereji wanaingia uani kimya, kofia mikononi. Akashusha wembe, akawaamkia wazee, kisha akauliza kwa unyenyekevu, "Nani amefariki?"

Mama mkwe akatokea nyuma ya nyumba na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akaona kofia mikononi, akaniona mimi nimeshikwa. Majani yakaanguka. Neno alilosema ni moja tu, "Rehema?" Mtoto akaitika kutoka jikoni, mdomo umejaa ndizi, na mama yule akakaa chini hapo hapo juu ya majani.

Lazaro ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikawashika wote, watu wakashikilia migomba, wengine wanamgusa Anaeli begani kuhakikisha. Hata yeye alicheka, povu linamkaukia. Mzee Yeremia hakucheka. Alisubiri wamalize, akaketi kwenye kigoda, akaniita mbele yake.

"Mama Rehema, nani amekwambia mumeo hayupo?"

"Hakuna aliyeniambia, mzee."

"Basi imekuwaje?"

"Mkono umezoea."

Alinitazama, kisha akamgeukia Anaeli, akamtazama yeye muda mrefu zaidi. "Umemsikia mkeo," akasema. Akainuka, akawaambia watu warudi kazini, na kwamba jembe limeshalazwa na litakaa hivyo msimu mzima. Hakumlaani mtu. Mama mkwe alitaka achinjwe kondoo kuondoa mkosi, mwinjilisti akasema sala inatosha, mwishowe wakafanya yote mawili. Kondoo alikuwa mnono.

Siku ile Anaeli hakumaliza kunyoa. Alasiri alikuja kunikuta chini ya migomba namenya maharage, nusu ya uso wake nyeusi kwa ndevu. Akakaa. Akaniambia kwamba kabla watu hawajaingia, alikuwa ameshaona nyuma ya mlango hakuna jembe, na akafikiri nimemjibu. Nimemjibu nini, nikamuuliza. Kwamba aende, akasema, na ndiyo maana alikuwa akiimba.

"Sikukujibu," nikamwambia.

"Najua. Hilo ndilo linalonitisha." Akaokota ganda la maharage akalichanachana. "Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilijiandaa kwa machozi. Sikujiandaa kukuta nimeshazoeleka kuwa sipo."

Nikamenya ganda jingine. Akaendelea kwamba hatanificha, anataka kwenda, anataka sana, tangu akiwa kijana wa kuchunga mbuzi kwenye mlima huu amekuwa akitaka kujua umetokeaje. Lakini hataandika chochote mpaka nimwambie kwa mdomo wangu. Si mkono, mdomo. Na nisimwambie linalomfaa yeye, nimwambie ninalolisikia. Nikamwambia ukweli, kwamba silisikii lolote. Akatikisa kichwa, akaanza kumenya maharage pamoja nami, vibaya, anayatupa na maganda.

Wiki ikapita hivyo. Mwisho wa mwezi ukakaribia. Kliniki nilizalisha mapacha, mama yao akalia kwa furaha, nami nikamtazama kama mtu anayetazama mvua kutoka ndani.

Jana ilikuwa siku ya pili ya mfereji. Sikumtarajia aje, maana jembe lake haligusi na hana kazi kule. Angeweza kubaki mjini akasahihisha madaftari ya wanafunzi. Lakini alipanda nami, na asubuhi baragumu lilipolia akavaa nguo zake kuukuu, akakitwaa chungu cha ndizi kichwani pangu, akakiweka begani pake, akatangulia njiani. Tulipofika penye jiwe alisimama upande wetu, upande wa wanawake. Wajane walitazamana. Bibi Naomi akamsogezea nafasi kidogo, kama anavyomsogezea mjane mpya.

Huwezi kufikiri walivyomtania. Lazaro alikuwa chini mferejini na lile jembe, akawa anapaza sauti, "Marehemu, leta ndizi," na marehemu anapakua, anapeleka. Walimwuliza kule alikokwenda kuna maji? Kuna kodi? Naye anajibu kila mtu, anapakua. Lakini katikati ya masihara nilimwona macho yake yako wapi. Yalikuwa kwenye jembe. Alikuwa analitazama linavyopanda na kushuka mikononi mwa mwenzake, kwenye kipande chake, cha baba yake.

Watu walipotulia kula, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi ndivyo ulivyokuwa unasimama?"

"Ndivyo."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote."

Hakusema pole. Nafikiri angesema pole ningemwitikia asante na ingeishia hapo. Alisimama karibu zaidi, bega lake likagusa langu, na baridi ilikuwa kali, na bega lilikuwa la moto.

Unajua, dada, ukikalia mguu kanisani ukafa ganzi, hauumi ukiwa umekufa. Unauma ukianza kuamka. Basi nilianza kuumwa. Ikaja miaka yote pamoja, ile niliyosimama pale na mimba, niliyosimama na mtoto mgongoni, niliyosimama nikiwa sina tena ninayemsubiri ila jembe. Machozi yakawa yanadondoka kwenye mfuniko wa chungu. Bibi Naomi aliwageuzia wale wanaume mgongo akatanua kanga yake wasinione.

"Usiende," nikamwambia. Haikutoka vizuri, nikairudia. "Usiende, Anaeli." Nilimtaja jina mbele ya watu, mimi ambaye mama mkwe alinifundisha mwaka wa kwanza kwamba halitajwi.

Alifumba macho. Niliona jinsi neno langu lilivyomwingia, halikumwingia kirahisi. Kisha akasema, "Nimesikia." Akachukua upawa kutoka mkononi mwangu, akaendelea kupakua.

Jana jioni tulirudi mjini akaandika kukataa. Aliandika, akachana, akaandika tena, mwishowe akaandika kwa kifupi. Kesho anaipitisha posta akielekea shuleni. Leo kanisani hakuimba, na chakula amekula nusu. Sijifanyi sioni. Najua itafika siku atasoma gazetini jina la mtu waliyesoma naye amepewa ofisi kubwa, atainua macho anitazame, na hatasema kitu. Siku hiyo sitakuwa na la kumwambia. Gharama iko pale pale, dada, nimeihamisha tu kutoka kichwani kwangu nikamtwika yeye, na kwa kumpenda nimemtwika. Naogopa. Nakuandikia neno hili na ninakaribia kufurahi, maana muda mrefu nilikuwa siogopi kitu.

Mkuu wa shule bado hajui. Walimu wenzake watanichukia, na chai yangu itapona. Jivan nilimwona jana tukishuka kwenye basi, akamtazama Anaeli, akanitazama mimi, akainamisha kichwa kidogo, akaingia dukani.

Usije ukasoma yote haya mbele ya shemeji, msomee yale ya mtu aliyekuwa ananyoa ndevu, atayapenda. Msalimie sana. Msalimie mjomba aliyenifundisha kusoma, mwambie Kimeru sasa nakijua vya kutosha kugombana nacho. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na yule mwalimu wa kwaya aliyesema sauti yangu ni ya kuitia ng'ombe, mwambie huku ng'ombe ni wengi. Mama mkwe anakutumia salamu na kahawa kidogo aliyoikaanga mwenyewe, nimeifunga kwenye kitambaa, usiichemshe kupita kiasi. Wewe nakuagiza jambo moja tu, uvae viatu vipana hata kama havipendezi.

Rehema anakusalimu, ameniambia niandike kwamba meno mapya yameanza kuchungulia. Sala yake haijabadilika. Jana aliposema, "Umrudishe baba salama," nilitega sikio nisikie baba atakavyocheka na kumrekebisha. Baba alisema, "Amina."

Ni mimi mdogo wako,
Hilda